Vichwa vya Ng'ombe wa Kibumba

Jumatatu, 1 Aprili

Machinjioni tangu alfajiri. Maini, mapafu, ndimi, muhuri. Wauza nyama wananinunia kama kawaida. Sijali. Goma hii hakuna mganga mwingine wa mifugo anayepasua kichwa cha ng'ombe aliyekuwa akiyumba. Ni mimi tu. Redio haina habari nyingine ila wazimu wa ng'ombe wa Ulaya, na sasa watu wanaogopa hata supu.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeitwa Kibumba. Ng'ombe mmoja wa Muzee Sebuhoro anayumba, anasaga meno, anagonga kichwa kwenye mti. Muzee huyu alikimbia vita vya Masisi na kundi lake. Shamba limebaki kwa wenye bunduki. Hana kitu kingine duniani. Majirani wamekwisha kutoa hukumu: wazimu.

Jioni chefu wa ofisi yetu naye ameamua. Kundi lote lichomwe kabla ya Pasaka, ili mji ule nyama kwa amani. Nimepandwa na hasira.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemchinja yule ng'ombe mgonjwa. Ubongo ndani ya dawa ya formalini, umeondoka na ndege ya misaada kwenda maabara ya Nairobi. Majibu yatachukua wiki kadhaa. Mwili tumeuzika na chokaa, wakimbizi wenye njaa wakitutazama. Imeniuma. Lakini wazimu huu haufi jikoni. Si mdudu, ni protini iliyoharibika, na inaharibu protini nyingine ndani ya ubongo. Ng'ombe huupata kwa kulishwa unga wa mifupa ya ng'ombe wengine.

Nimemuuliza Muzee anawalisha nini. Majani tu. Ameniangalia kama mtu aliyetukanwa. Namwamini. Tena yule ng'ombe alikuwa kipofu. Wazimu niliousoma mimi haupofushi.

Nimerudi ofisini nikasema mbele ya wote: "Chefu, miye sichome ngombe juu ya maneno ya radio." Amenipa hadi Jumamosi nimwonyeshe sababu nyingine. Nikishindwa, petroli, na kazi yangu pia.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Nimekosa Njia ya Msalaba. Mungu anajua nilikokuwa.

Siku nzima nyuma ya kundi, tumbo tupu. Mchana wamefika kwenye jalala la kambi ya wakimbizi. Wakaacha majani, wakakimbia. Pale kuna betri za magari, zile watu wanazowashia redio, zimekufa, zimepasuliwa. Ng'ombe wakaanza kuziramba. Kwa raha, macho wamefumba.

Na Muzee anatabasamu. Akanieleza: "Mama Munganga, kule Masisi tulikuwa tunabapa chumvi. Huku sina. Ni Mungu njo alibapatia hii."

Nikakaa chini kwenye mawe. Sumu ya betri. Inapofusha, inasagisha meno, inayumbisha. Nilipomwambia, amelia. Ni yeye aliyekuwa akiwaleta pale kila siku, kwa upendo.

Jumamosi, 6 Aprili

Chefu amepanda mwenyewe hadi Kibumba, na viatu vyake vya kanisani juu ya mawe ya volkano. Ameona kwa macho yake ng'ombe wakivuta kamba kuelekea jalalani. Petroli imerudi mjini. Kundi litatengwa hadi majibu yafike. Nyama na maziwa marufuku. Muzee hakupenda, amekubali. Betri tumezifukia sisi wenyewe.

Najivunia. Nisiposema hapa nitasema wapi? Nimejivunia barabara nzima hadi nyumbani.

Pasaka

Misa. Nimesinzia wakati wa mahubiri.

Ijumaa, 26 Aprili

Majibu. Ubongo hauna vile vitundu ambavyo wazimu hutoboa. Hakuna. Nimeimba ofisini, sauti yangu mbaya, wakacheka. Chefu ameisoma ile karatasi mara mbili, kisha ametoa amri: toka Goma hadi Vitshumbi, ng'ombe yeyote anayeyumba, kichwa chake kije kwangu. Kwangu mimi, binti wa mkulima wa Butembo. Muzee tumempelekea habari na gunia la chumvi.

Nina shaka moja. Amri ni amri, lakini njaa ni njaa. Nani atatoa kichwa cha ng'ombe siku hizi?

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Milio ya bunduki upande wa kaskazini tangu asubuhi, magari hayapiti.

Mama mmoja mkimbizi ameshuka kwa miguu kutoka Kibumba, mzigo mgongoni ndani ya majani ya migomba. Kichwa cha ng'ombe. Ng'ombe wake wa mwisho, alianza kuyumba juzi. Miguu yake imevimba.

Nimemuuliza kama nyumbani wamekula. Amesema: "Batoto balililia supu. Nikabaambia, Mama Munganga aangalie kwanza."

Nimempa kiti, chai na mkate. Nimevaa glavu, nimeanza kazi.