Jina la Baba Ester

Oslo, Jumanne jioni

Nimefanya ujinga leo, wala sijui kesho nitamtazamaje yule mwongozaji wetu.

Safari hii ya wazee ni ya polepole kweli. Tunatembea kidogo, tunakaa kwenye benchi, tunakunywa kahawa. Mimi niliyekimbizana na maboksi ghalani huko ughaibuni, mjini Jeffersontown, miaka yote hii, kukaa tu kunanichosha.

Leo bandarini, kabla ya kupanda boti, mwongozaji akaanza kuita majina. Akaita la mume wangu, Baba Ester. Tulijiandikisha wawili, kabla hajafariki, na sikuwahi kuwaambia walifute.

Nikanyoosha mkono. "Yupo," nikajibu kwa Kiingereza changu cha ghalani.

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania ndivyo tulivyofanya siku ya kuhesabiwa. Aliyekufa aliitikiwa na nduguze ili mgao wake wa unga usikatwe. Marehemu mama nilimwitikia mimi, miezi na miezi. Mdomo wangu haujasahau.

Mwongozaji akatazama huku na huku. "Yuko nyuma? Miguu inamsumbua? Hatuna haraka, tutamsubiri."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikarudi kukaa kwenye benchi.

Basi wazee wote wakakaa tena, wakageukia njia tuliyotokea. Bibi mmoja akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi kando yangu.

Na mimi nikaikodolea macho njia ile pamoja nao. Mungu anisamehe, nilikuwa namsubiri kweli.