Dirisha la Mistari Minne

Jumamosi, saa tisa alasiri. Mawingu yamejaa juu ya mtaa wetu wa Mabawa tangu asubuhi, mvua hainyeshi, na mimi nimeshainuka kwenye kiti hiki mara sita bila sababu.

Hili sijamwambia mtu yeyote: sitaki kuwa daktari.

Mama ni mhudumu wa wodi. Tangu niingie sekondari ananiita "daktari", mbele ya majirani, mbele ya wageni, hata akinituma chumvi dukani. Mimi nacheka tu. Kwa aibu zangu hizi, nitaanzia wapi kumwambia kwamba ninachotaka ni kuandika?

Basi naandika kwa kujificha. Nafungua programu ya kuandikia, nakamata kona ya dirisha, nalibana mpaka inabaki mistari minne. Kaka Sefu, ambaye tunatumia naye laptopu moja, ananicheka: "We Zuhura, hilo dirisha au tundu la ufunguo? Si ulipanue lijaze kioo, hayo mengine usiyaone?" Namjibu kwamba likiwa dogo akili inatulia.

Ni kweli, nusu. Nikiwa na mistari minne siwezi kurudi juu kuichokonoa sentensi niliyokwisha kuiandika. Naenda mbele tu. Nusu ya pili ni kwamba anayepita nyuma yangu na ndoo hasomi kitu.

Alhamisi mwalimu wa Kiingereza alitupa insha kuhusu kazi tunayoitaka. Insha zake naziandika hivi: kwanza najimwaga kwa Kiswahili, yote ya moyoni, akili ifunguke. Halafu chini yake natunga Kiingereza safi. Mwisho nafuta ya juu.

Kwa Kiswahili niliandika kwamba koti jeupe nikilivaa litakuwa la Mama, si langu. Kwamba nikiona damu natoka jasho. Kwamba akijisifu kwa majirani natamani niingie uvunguni. Kwa Kiingereza niliandika kwamba udaktari ni ndoto yangu tangu utotoni.

Nikasahau kufuta.

Kwenye mistari yangu minne nilikuwa naona Kiingereza kitupu, nikaridhika. Leo asubuhi Mama anatoka kwenda sokoni, akasema, "Lete hiyo flashi, nitapita steshenari wakuchapie." Nikampa, na asante juu.

Amerudi na karatasi tatu. Insha yangu ni ukurasa mmoja.

Aliziweka mezani, zimekunjwa katikati, akaenda jikoni kupika. Mchana tumekula bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki. Akanisogezea bakuli.

"Zuhura, ongeza mchuzi."

"Heh! Daktari leo kashushwa cheo?" Sefu akadakia.

"Kula, Sefu."

Sikumbuki mara ya mwisho Mama kuniita kwa jina langu. Kakasirika? Kaumia? Angenigombeza ningejua pa kujishika. Huu ukimya wake unanitembeza nyumba nzima: nimefagia chumba kilichokwisha fagiwa, nimefungua daftari la Biolojia, nimelifunga. Nimekaa hapa kuandika haya, nimeinuka, nimekaa.

Linaloniuma si kwamba amejua. Linaloniuma ni kwamba amejua kwa kuchapiwa na mtu wa steshenari, akasimama pale kaunta na nyanya zake mkononi, akisoma habari za mwanawe kama mgeni.

Kandambili zake zinakuja koridoni. Haziendi bafuni. Zinakuja huku.

Mkono wangu umeshakamata kona ya dirisha. Nimeuzoesha vibaya.

Hapana.

Nalivuta upande wa pili, likue, likue, mpaka limejaza kioo chote. Kila nilichoandika leo kiko wazi, na herufi nimezikuza, maana hana miwani.

Mama yuko nyuma yangu. Ananukia vitunguu. Anasoma polepole, namsikia akinong'ona maneno mojamoja.

Siandiki tena. Nasubiri amalize, halafu nitageuka nimtazame.