Harufu ya Mtama kwenye Suti ya Harusi

Babu yangu mpendwa,

Nimeolewa. Leo ni siku ya tisa, na kila nikiamka namtazama Yusto aliyelala pembeni yangu, najiuliza kama kweli mwanaume mzuri hivi ni wangu. Laiti ungemwona.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita mke wako? Jioni, barazani Gungu, wewe na wazee wenzako mmekizunguka chungu cha pombe ya mtama aliyoipika bibi, kila mtu na mrija wake. Kazi yangu ilikuwa kukuletea mrija wako mrefu uliochomekwa darini. Nilikatazwa kuonja, kwa hiyo ladha yake siijui mpaka leo. Ninachokijua ni harufu: uchachu, moshi wa kuni, kimea kilichoanikwa juani.

"Mke wangu," ulikuwa ukisema, wazee wakicheka, "atakayeninyang'anya wewe aje na chungu kimejaa. Tukae wawili, mirija miwili, nimkague."

Bibi alipofariki, chungu kikawekwa nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia humo. Ukawa unaletewa bia ya chupa, unaishika tu mkononi mpaka inapata joto. "Hii imekufa," ulisema. "Ile yetu ilikuwa inapumua." Kisha na wewe ukamfuata bibi, kabla Yusto hajanifahamu.

Ndiyo maana harusi ilipokaribia nilitaka kitu kimoja tu, chungu chako. Shangazi hakutaka hata kusikia. "Makreti ya bia yameshafika ukumbini, wewe unataka vyungu? Wakwe zako wa Rusimbi watatucheka." Na kweli, mtaani kwetu hakubaki mtu anayejua kuipika. Nililia mbele ya Yusto, nikamsimulia maneno yako.

"Kagunga yupo mama yangu mkubwa, bado anapika," alisema. "Babu alitaka chungu, atapata."

Akapanda boti, akaifuata hiyo pombe. Asubuhi ya harusi akaingia kwenye bajaji na suti yake mpya ya kijivu, dumu la pombe amelipakata mapajani. Mama mkubwa alikuwa ameliziba mdomo kwa jani la mgomba, ili pombe ipumue. Yusto wangu, akiogopa isimwagikie suti, akalitoa jani, akakaza kifuniko kwa nguvu zote.

Najua unacheka, babu. Kwa jua lile na mashimo ya barabara ile, dumu lilipasuka kabla hajafika kanisani.

Nilimkuta mlangoni, kaka yake anampangusa kwa kanga. Shangazi ameshika kiuno. "Bwana harusi gani ananuka kilabu?"

Yusto alinitazama mimi. "Imemwagika yote," alisema. "Haikubaki hata ya kulowesha mrija. Nisamehe."

Machozi yalinilenga. Miaka yote hiyo, na chungu chako kitabaki kitupu. Kisha akasogea kunishika mkono, na ikanifikia: uchachu, moshi wa kuni, kimea. Niliegemeza kichwa begani kwake palipolowa, nikafumba macho, na pale mlangoni mwa kanisa nilikuwa barazani kwako. Padri alisubiri. Watu walidhani naona haya.

Suti bado sijaipeleka kwa dobi. Harufu inapungua kila siku, nami kila siku nainusa, nakukumbuka. Ikiisha kabisa nitaifua, nimpigie pasi mume wangu.

Umeshamkagua, babu. Pumzika.

Mjukuu wako, aliyekuwa mke wako,
Anjela