Kabla Hujamshitaki Hafidha

Mbinga,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mdogo wangu Ephrasia,

Pokea salamu za upendo kutoka huku nyumbani, na pole nyingine juu ya zile zote ulizokwisha kupewa hadi ukazichoka. Unaendeleaje? Mama ameniambia homa ya maziwa imeshuka na kifua hakikuumi tena kama wiki ile ya kwanza, ila chakula bado unakichezea tu kwenye sahani. Jilazimishe mdogo wangu, hata uji. Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako Joakim anahangaika na kahawa kule Mkumbi, mwaka huu imeiva yote kwa mpigo na vibarua ni wa kugombania. Mama anasumbuliwa na magoti kwa hii baridi, asubuhi haondoki jikoni mpaka saa nne. Jana tulikwenda kaburini kwa Notburga, tukang'oa majani na kuuweka sawa msalaba uliokuwa umeinama.

Najua utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Nimekupigia mara nne wiki hii. Kila ukipokea nakuuliza umekula nini, kisha nakata. Kwenye simu mimi ni mwepesi wa kukimbia, kwa hiyo nimeona niandike, na barua nitampa Glorious anayesafiri kesho kuja Songea, akukabidhi mkononi.

Baba mdogo Antoni amenieleza kwamba Alhamisi atakupitia huko mteremke pamoja hadi Mbamba Bay, ukaandikishe maelezo polisi kama mama wa mtoto. Anasema askari wanasubiri saini yako tu ili jalada la Hafidha lisonge mbele. Nakuomba sana, usitie saini mahali popote kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Ukishaisoma, fanya utakavyoona.

Ulilolisikia msibani ni hili. Kwamba Ijumaa ile niliteremka ziwani kununua samaki wa mgahawa wangu, nikiwa na Notburga. Kwamba nilimwachia mtoto Hafidha, mwenye duka la vitenge, kwa dakika chache nikachukue samaki. Kwamba niliporudi nilimkuta amemvua mtoto nguo zote na kummwagia maji baridi, mtoto aliyetoka kuugua kifua, na maji yale ndiyo yaliyomletea degedege lililomwua. Watu wakaongeza ya kwao. Wengine wakasema maji yalikuwa na dawa. Wengine wakasema watu wa ziwani ndivyo walivyo, na hao waliosema hivyo wanakula samaki wao kila wiki. Hafidha alilala mahabusu siku mbili, akatoka kwa dhamana, na sasa duka lake halina mteja. Mumewe Abdulazizi alikuja hapa Mbinga kuzungumza nasi, baba mdogo akamfukuzia getini. Mimi nilikuwa jikoni, namsikia anavyobembeleza. Sikutoka.

Sasa nianze mwanzo. Ulipomleta Notburga mwishoni mwa Juni ili ukafanye mitihani ya chuo, uliniachia maagizo mengi, na kubwa kuliko yote lilikuwa kwamba kifua chake hakijapona sawasawa, asipigwe na upepo. Nilikucheka. Nilisema nimelea wawili mimi, wewe wa juzi unanifundisha nini. Lakini nililishika neno lako, na silitaji hapa ili kukutwisha mzigo. Neno lako lilikuwa sahihi kabisa. Naomba hilo lisikupotee unapoendelea kusoma.

Wiki zile mbili yeye ndiye alikuwa mwenye nyumba. Kwa vile amebeba jina la bibi yetu, mama alimwita mama, akimshitakia magoti yake kila asubuhi, naye anasikiliza kwa makini huku anatafuna pindo la khanga. Mimi nilikwenda naye kila mahali. Kwenye kigari changu nilimfunga kwenye kile kiti cha watoto ulichokinunua, na kila niliposimama nilimfungua, nikamfunga mgongoni, nikaingia dukani, nikarudi, nikamfunga tena kitini. Kwa shughuli tano ndogondogo hiyo ni kazi ya nusu siku, na unanijua dada yako, mtu wa haraka. Hata sala ya chakula naimaliza wenzangu wakiwa katikati.

Ijumaa ile asubuhi Mbinga ilikuwa na ukungu wa kutoona jirani. Notburga alikuwa amekohoa usiku, usingizi ukamchukua alfajiri. Nikamvika fulana, sweta, na juu yake lile sweta zito alilofuma mama, kofia, soksi mbili, nikamzungushia blanketi. Ndivyo tunavyowavika watoto huku mwezi wa saba, na hakuna wa kunicheka. Watu wote walikuwa kwenye kahawa, mama na magoti yale hawezi kumkimbilia mtoto anayetambaa, nikaona niondoke naye, sisi wawili tu.

Nikasimama sheli kuweka mafuta. Amelala. Nikasema nikimwamsha atalia hadi ziwani, na nje baridi inakata. Nikafunga vioo vyote, nikamwacha, nikaenda kulipa. Nilipanga foleni, nikarudi, nikamkuta amelala vizuri, pua ina joto. Nikasimama tena duka la dawa kumchukulia dawa yake ya kifua. Vilevile. Nadhani hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana nilimwacha mara mbili na mara mbili nikamkuta salama. Nikajiona mjanja, nimepata njia ya kumaliza shughuli bila kumsumbua mtoto.

Zamani, kabla ya lami, safari ya kuteremka ziwani ilikula nusu ya siku. Njiani unavua koti, unaomba maji, mwili wenyewe unakueleza kwamba umeacha milima. Siku hizi ni kama saa moja tu. Niliondoka kwenye ukungu, nikazungushazungusha zile kona, nikajikuta kwenye jua la Mbamba Bay nikiwa na koti langu mwilini na akili bado iko Mbinga. Tena siku ile mwera ulikuwa unavuma, ule upepo wa kusini unaopandisha mawimbi na kurusha mchanga. Nikafungua mlango, upepo ukanipiga usoni, na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kifua cha Notburga.

Ephrasia, mpaka hapa nimekuwa nazunguka. Mkono hautaki, lakini naandika.

Sikumwachia Hafidha mtoto. Hafidha hakujua hata kama nimefika. Nilipaki ubavuni mwa duka lake, kwenye kivuli cha ukuta, saa tano na robo. Notburga alikuwa amelala. Sikumvua kitu, hata kofia. Nikapandisha vioo hadi juu, nikazunguka gari zima kuhakikisha hakuna upenyo wa kupitisha upepo, nikafunga milango. Nilijiambia ni dakika tano.

Samaki hawakuwa tayari. Nikasubiri watolewe matumbo na kupangwa na barafu. Hapo akatokea Bonifasia, yule tuliyesoma naye sekondari, hatujaonana miaka. Tukashikana, tukacheka, tukaanza kuulizana nani kaolewa wapi. Akauliza habari za kwetu, nikatoa simu nikamwonyesha picha za mwanao, moja baada ya nyingine, ile anayotafuna khanga ya mama, ile aliyokaa kwenye beseni amejaa povu. Bonifasia akaniuliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Nikamjibu amelala garini, nikaendelea kumtafutia picha nyingine. Kivuli kilikuwa kimeshahama zamani. Nilikaa kule karibu saa nzima.

Wanaume walikuwa wameanza kwenda msikitini, mtaa ule ukabaki mtupu. Hafidha alitoka kufunga mlango wa duka, akaona blanketi kupitia kioo, kisha akaona kilichomo. Aligonga, akavuta milango yote minne, akaita mwenye gari bila kujibiwa. Akachukua jiwe la kuzuilia mlango akavunja kioo cha nyuma, akajikata mkono, akamtoa mtoto. Akamvua yale masweta, akammwagia maji ya mtungi kichwani na kifuani, akawa anampepea kwa mtandio wake. Hivyo ndivyo nilivyowakuta. Mtoto uchi, analowa, mikononi mwa mwanamke anayetoka damu, na mimi nikapiga kelele kumwuliza amemfanya nini mtoto. Watu wawili watatu waliokuwa wanafika walilisikia swali hilo. Naapa wakati ule sikupanga kumsingizia mtu. Lakini walilisikia, nami sikulirudisha.

Hafidha aliingia kiti cha nyuma amempakata, mimi nikaendesha kwenda kituo cha afya. Njiani alikuwa ananiambia anapumua, dada, anapumua, nenda. Alisema hivyo mara nyingi. Halafu akanyamaza, na mimi sikumwuliza kwa nini amenyamaza. Tulipofika, mganga aliuliza kilichotokea. Nikamjibu, Hafidha akiwa amesimama palepale na mtoto kifuani, kwamba nilimwachia huyu mama nikaenda kununua samaki. Hafidha alinitazama. Nafikiri aliona uchungu umenivuruga akili, hakunibishia. Alinishika bega, Ephrasia, akaniambia nikae chini.

Yaliyofuata niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu. Mganga alisema mwili wa mtoto ulikuwa na joto asilowahi kulipima. Nilikuja nalo neno hilo nyumbani nikalifunika, na pale msibani hakuna aliyejiuliza maji baridi yanampaje mtoto joto la namna ile. Hafidha alipokamatwa aliwaeleza askari kila kitu, akawaonyesha mkono wake na vipande vya kioo. Wakaja kuniuliza. Nikasema kioo alikivunja kwa hasira tulipogombana. Waliniuliza mara moja tu. Mimi nina mgahawa unaojulikana, nina ukoo, nina baba mdogo Antoni wa kunisemea. Yeye alikuwa na ukweli tu, na ukweli haukumtosha.

Wiki tatu nimejiambia kwamba nanyamaza kwa ajili yako, kwamba ukijua ni mimi utakuwa umepoteza mtoto na dada kwa siku moja. Huo nao ni uongo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naogopa, na kwa sababu kila mliponikumbatia pale msibani mkisema pole mama mkubwa, nilipenda kukumbatiwa.

Kesho napanda basi la kwanza kuteremka Mbamba Bay. Nakwenda polisi kuyasema haya yote, na Bonifasia nitawatajia wamwulize. Joakim nimemwambia leo baada ya misa. Alichukua panga akaenda shambani, Jumapili. Mama nitamwambia asubuhi kabla sijatoka. Yatakayonipata na yanipate. Msamaha sikuombi, maana ningekuwa wewe nisingeutoa.

Nina ombi moja tu. Iko siku utataka kujua mwanao aliondokaje, kama alilia, kama alifungua macho. Mimi siwezi kukuambia. Nilikuwa mbele nimeshika usukani, nimempa mgongo. Anayejua ni Hafidha peke yake, ndiye aliyempakata hadi mwisho. Ukiteremka Alhamisi, usianzie polisi. Anzia kwake, umwulize.

Nisalimie Gaudiosa, umshukuru kwa uji anaokupikia hapo chumbani kwenu. Mama anakusalimu, anasema ule. Na tutakapokutana, ile shikamoo unayoniamkia tangu ulipojua kusema, usinipe kwa kuwaonea watu haya. Ukiona haitoki, nipite tu.

Mimi dada yako,
Aurelia