Mbwa wa Steshenini na Kimanga cha Shangazi

Dada Wakesho mpenzi,

Salamu nyingi kutoka steshenini Voi, ambako vumbi jekundu limenifuata mpaka ndani ya viatu. Najua bado unaogopa kupanda chochote chenye abiria wengi, kwa hofu ya bomu. Mimi pia. Leo asubuhi tulipanga mizigo chini kwa mstari, tukasimama mbali, mbwa wa polisi akapita akinusa. Nilikuwa nimeyakodolea macho mabegi ya wenzangu. Mbwa akasimama kwenye langu.

"La nani hili?" afande akauliza. Nikarudi nyuma hatua moja. Mama mmoja wa buibui aliyekuwa kando yangu akanishika mkono. "Sema tu, mwanangu."

"Langu. Ndani mna kimanga cha shangazi."

"Cha wapi?"

"Ronge."

"Basi mbwa hana makosa, kimanga cha Ronge kinasifika Taita nzima," akasema. Akalifungua, akafunua jani la mgomba, akakuta muhogo na maharagwe yaliyopondwa. Watu wakacheka mpaka na mimi nikacheka.

Yule mama hakuniachilia. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho kama changu. "Kila safari roho hunidunda," akaninong'oneza. "Lakini mjukuu wangu yuko Mombasa, nitafanyaje?"

Sasa tunangoja treni, tunakula kimanga pamoja. Namshukuru hata mbwa, lakini zaidi nashukuru mkono ule. Siku utakayotaka kusafiri, nitakuja tupande pamoja, na mkono wangu utaushika njia nzima.

Akupendaye sana,
Mghoi