Friza za Kinjumbi

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Kinjumbi, nimeshiba wali wa nazi na pweza hata kuinama siwezi. Kabla kampuni yetu haijavuta umeme hapa, tunakadiria kijiji kitautumia kiasi gani, ili tulete transfoma isiyozidiwa. Tangu asubuhi kila mwenye nyumba alinijibu, "Taa mbili na kuchaji simu, basi." Nikaanza kuhofia tutawaletea transfoma ndogo, iungue mapema.

Mzee Saidi naye akajibu hivyohivyo. Mara mkewe, Bi Somoe, akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwanangu, huyo anaisemea nafsi yake! Mimi nataka friza. Samaki wangu wanaoza kila siku!"

Jirani akadakia, "Na mimi!" Punde ua ukajaa wanawake wanaocheka, huyu anataka friza, yule cherehani ya umeme. Nikampigia bosi, akakubali tupige hesabu upya, kwa transfoma kubwa. Vigelegele vilivyopigwa, Mama, ungedhani nimeposwa!

Wakati naaga, Mzee Saidi akaninong'oneza, "Mimi niongezee feni, lakini usimwambie mke wangu."

Msalimie Baba, na Mungu akuweke uzidi kuniombea.

Mwanao akupendaye,
Rehema