Picha Niliyokupiga Ukiwa Juu ya Kenchi

Baba Mdogo,

Ghala limefunguliwa wiki iliyopita. Mabati ya bluu, geti jipya, na maua yamepandwa pale tulipokuwa tunachanganyia zege. Mimi sikualikwa. Nilisimama ng'ambo ya barabara pamoja na watu wa Igogo waliokuja kushangaa magari. Walifunga skrini kubwa wakaonyesha video niliyoipiga mimi. Naijua yote, kila sekunde. Inaanzia ziwani, inapita juu ya mitumbwi na yale mawe, halafu inapanda taratibu mpaka paa lote linaonekana. Ilipofika kwenye kenchi ya nne ya kubeba paa, picha iliruka ghafla ikaenda kwenye bendera za getini. Wamekukata, Baba Mdogo. Wamekukata kama mtu anavyokata ukucha, na muziki ukaendelea. Wageni wakapiga makofi.

Naandika kwa hasira. Nivumilie mwandiko.

Baba alipofariki, wewe ndiye uliyekuja Nansio kunichukua, ukanileta Mwanza kwako na kwa Mama Mdogo. Likizo zangu zote zilikuwa za saiti. Ulinipa nishike ncha moja ya mpira wa maji, wewe ukaenda na ncha ya pili hadi kona ya mwisho ya jengo kutafuta usawa, kisha ukapiga kelele, "Vene, usipumue! Maji yakitulia ndipo useme!" Nami nilikuwa nabana pumzi kweli, mjinga mimi, mpaka kichwa kinazunguka.

Nilipomaliza chuo, kampuni ya ujenzi ikaniajiri kurusha ndege nyuki, yaani droni yenye kamera, kwenye saiti ya ghala hili, ulikokuwa fundi mkuu wa vyuma. Vijana walicheka siku ile nilipoitoa kwenye begi. Wewe hukucheka. Uliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Niliirusha, ikapima uwanja mzima kabla chai haijapoa. Ukachukua mpira wako wa maji ukaenda kuhakiki kona zote nne, juani, msaidizi wako Masanja ameshika ncha ya pili. Ukarudi jasho linakutiririka.

"Nyuki wako hajadanganya," ulisema. Basi. Cheti cha chuo hakijawahi kunipa raha kama maneno yale.

Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikukwambia. Magoti yako yalishaanza kukusumbua kwenye ngazi, na nilitaka ile mashine ipande badala yako. Na ilipanda. Miezi yote ya kusimika nguzo na kenchi, nilikuwa napiga picha za viungo kule juu, wewe unakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, unazikuza picha kwa vidole viwili: hii imekaza, hii haijakaza, hii mwambie Masanja airudie. Nilijisifu moyoni kwamba nimekustaafisha kupanda.

Ndivyo tulivyoziona zile bolti tatu zinazokosekana kwenye kenchi ya nne, upande wa ziwa. Nilimpelekea injinia wa saiti picha siku hiyohiyo. Akasema zitashughulikiwa. Nikamkumbusha. Akasema zitashughulikiwa.

Asubuhi ya ugeni nataka kuiandika yote, maana mpaka sasa sijawahi kuisema yote kwa mtu yeyote wa nyumbani.

Mwenye mali alikuwa anakuja na wageni wake saa nne. Injinia alitaka video nzuri, ianzie majini. Mikanda ya usalama ilikuwa michache, kwa hiyo akawavalisha vijana waliokuwa upande wa mbele, upande ambao ungeonekana. Nilikuwa nimeshairusha, inaelea chini chini, kamera imeshawashwa, inasubiri mimi niielekeze, ndipo alipokumbuka. Akakupa spana. Akanyoosha kidole kule juu.

"Mzee, panda ukafunge zile tatu kabla wageni hawajafika."

Nikauliza, "Na mkanda je?" Wewe ndiye uliyenijibu, tena kwa upole, kama vile ni mimi ninayehitaji kutulizwa: "Vene, rusha nyuki wako. Kazi hii naijua."

Na mimi nikarusha. Ningeweza kuishusha chini, kuizima, nikasema sirushi mpaka avae mkanda. Nilikuwa na kazi niliyoipenda na nilitaka video iwe nzuri. Nikaenda nayo ziwani.

Ilipokuwa inarudi nilikuona kwenye kioo cha rimoti yangu, umechuchumaa juu ya kenchi. Nikapita nayo juu yako. Chini kabisa, chini kuliko ilivyotakiwa, kwa sababu picha ilikuwa inapendeza. Ukageuza kichwa. Mguu ukateleza.

Sijui kama uligeuka kwa sababu ya mlio wake. Sijui. Nimeitazama ile video mpaka nimeona haya kuitazama.

Tulikuzika Nansio, upande wa kulia wa kaburi la Baba. Wiki tatu baadaye kampuni ikaleta ripoti. Watu wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi walikaa sebuleni, wakamsomea Mama Mdogo: marehemu alipanda bila maelekezo, bila mkanda, chanzo ni uzembe wake mwenyewe. Na ushahidi ulibandikwa kwenye ukurasa wa pili. Picha yangu. Wewe juu ya kenchi, mgongo umeinama, kiunoni huna kitu, ziwa nyuma yako. Picha nzuri sana, Baba Mdogo. Mwanga mzuri.

Mama Mdogo hakulia. Alisema, "Mume wangu alikuwa anafunga kamba ya mbuzi mara mbili, halafu anarudi kuikagua." Kisha akanigeukia mimi. "Vene, wewe ulikuwepo. Ni kweli alijipeleka mwenyewe?"

Nikasema, "Sijui, Mama."

Nilimwambia hivyo. Mbele yao. Nyumbani kwako, nimekaa kwenye kiti chako.

Nilikuwa na nakala ya video nzima kwenye kompyuta yangu. Mwanzoni kabisa, kabla sijaenda ziwani, anaonekana injinia akikupa spana na kunyoosha kidole, na wale vijana nyuma yenu wamevaa mikanda mipya. Lakini mwishoni naonekana na mimi. Sionekani sura, inaonekana jinsi nilivyoirusha chini mno. Anayeupeleka mwanzo wake lazima apeleke na mwisho. Nilikaa na jambo hilo, nikila, nikilala, nikienda kazini kusalimiana na injinia. "Habari za asubuhi." "Nzuri." Nilimsalimia, Baba Mdogo. Kila siku.

Mwishowe Masanja ndiye aliyeniumbua. Hakujua nina nini. Alisema tu, tukiwa tunakunywa chai, kwamba kijana mpya amemuuliza kama ni kweli fundi mkuu wa zamani alikuwa mzembe. Nikaacha kikombe, nikaenda kwa mkaguzi wa serikali wa usalama kazini, na kompyuta kwapani.

Yule dada mkaguzi aliitazama video yote mara mbili, hakukata popote. Nikamuuliza lile swali langu. Akafikiri, akasema, "Kwa nini aligeuka, video haisemi. Lakini ulikuwa chini mno, na hilo nitaliandika." Akaliandika. Nilimshukuru, na nilikuwa namaanisha.

Ripoti imebadilishwa. Neno uzembe wamelitoa kwenye jina lako. Imeandikwa sasa kwamba ulitumwa, na aliyekutuma alijua huna mkanda. Usidhani basi kwamba mambo yamenyooka. Injinia amehamishiwa saiti nyingine ng'ambo ya Busisi, bado anavaa kofia nyeupe ya wakubwa wa saiti. Mimi mkataba wangu haukuendelezwa. Na ghala limefunguliwa, kama nilivyokwambia, kwa makofi.

Nimepata kibarua kwa mkandarasi mdogo. Juzi alinitaka nirushe, na juu ya ukuta kulikuwa na fundi asiye na mkanda. Nikakaa chini, nikalifunga begi la nyuki. Alinitukana mbele ya watu. Nikaendelea kukaa mpaka mkanda ukaletwa. Hivyo ndivyo nitakavyofanya kila saiti, hata wakiniona kichaa, hata nikikosa kazi Mwanza nzima. Hiyo nakuahidi.

Kuna moja limebaki. Mama Mdogo amesharudi kuishi Nansio, na anachojua ni kwamba mimi ndiye niliyelisafisha jina lako. Ananisifu kwa majirani. Ananiombea kanisani. Hajui nilipita juu yako.

Jumamosi napanda meli. Nitampigia magoti, nimsalimie shikamoo, halafu nimweleze kwa mdomo wangu, na kompyuta nitakuwa nayo kama atataka kuona. Akinifukuza, nitaondoka. Akininyamazia, nitakaa mpaka aseme neno.

Pumzika, Baba Mdogo. Mimi bado.

Vene wako